Sahihi za Asubuhi

Chumba cha chai cha wauguzi wa upasuaji kilikuwa na viti vinne na watu tisa, na hivyo ndivyo Mama Funguo alivyokipenda. Yeye ndiye aliyeshika funguo za kabati la dawa kali za maumivu. Zilining'inia shingoni mwake mwaka wa kumi na nne sasa, zikilia kila alipocheka, na kucheka hakukumpa shida. Nani kaposwa, nani kaachwa, nani kahamia kwa nani: habari ilipita kwake kwanza ndipo iwafikie wenyewe.

Siku hiyo mada ilikuwa fundi mwashi wa kitanda cha sita, aliyeanguka kutoka kwenye jengo akavunjika paja na kupasuliwa asubuhi ile ile.

"Kalia yule, kalia mpaka kitanda kinatikisika," Mama Funguo alisema akikoroga sukari. "Nikamwambia, baba mzima na ndevu zako, umechomwa dawa ya kumlaza ng'ombe, bado unalia? Waachie watoto kazi yao!"

Chumba kikaangua kicheko.

"Wa tatu huyo wiki hii," akadakia muuguzi mmoja mwembamba waliyembandika jina la Kimya kwa sababu hakujua kunyamaza. "Wanaume wa siku hizi wameisha, jamani. Na shemeji yako yuko wapi? Chai yake inapoa."

Shemeji mwenyewe alikuwa daktari wa usingizi, mume wa mdogo wake Mama Funguo wa tumbo moja. Hospitali nzima ilimwita Bembeleza. Alikuwa na mtindo wa kumsimulia mgonjwa kichekesho huku dawa ikiingia mshipani, na mgonjwa alilala kabla hakijafika mwisho. Wengi walipozinduka hawakuuliza kama wamepona, waliuliza, "Ehe, ikawaje?" Mama Funguo ndiye aliyemshika mkono akampeleka nyumbani kwao, akamwambia mdogo wake, ukimkataa huyu nitamchukua mimi.

Miezi ya karibuni alikuwa amekonda. Alitokwa jasho kwenye ubaridi wa chumba cha upasuaji, na hakuvua soksi hata kwenye joto la kuyeyusha mshumaa. Walimtania kwamba mkewe hampi chakula. Mama Funguo alifika mbali zaidi, akampigia mdogo wake simu na kumgombeza.

"Nampelekea mwenyewe," alisema sasa, akafunika kikombe kwa kisahani. "Huyu asiponiona mimi hali."

Njiani alipita meza ya daftari la dawa kali. Sheria ya daftari hilo ilikuwa fupi: dawa inayobaki baada ya mgonjwa kupewa dozi yake inamwagwa kwenye sinki, shahidi akiangalia kwa macho yake, kisha daktari na shahidi wote wanatia sahihi. Lakini aliyeitunga hakuwahi kuwa na wagonjwa saba kwenye foleni na sinki likiwa mwisho wa ukumbi. Kwa hiyo Mama Funguo, kila alfajiri, alitia sahihi zote za shahidi kwa mkupuo, mstari kwa mstari mpaka chini. Sahihi za asubuhi, waliziita. Daktari akija anajaza yake na kiasi alichomwaga. Siku moja Kimya alipomuuliza kama haogopi, alijibu kwa kicheko, "Kwani shemeji yangu ataila?"

Mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ulikuwa umerudishwa tu. Akagonga, hodi hodi, akausukuma kwa nyonga.

Bembeleza alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye makabati. Kiatu kimoja kando. Soksi imevuliwa. Katikati ya vidole vya mguu, sindano imesimama.

Kikombe kilianguka. Yeye hakukisikia.

Mguu ule! Aliuona mguu wa shemeji yake kwa mara ya kwanza, na haukuwa mguu wa mtu. Ulikuwa vidonda na madoa meusi, vipya juu ya vya zamani. Alimwangalia usoni, akarudi mguuni, akapanda tena usoni, kama aliyepewa vitu viwili na kuambiwa ni kimoja.

"Shemeji," Bembeleza alisema kwa sauti ya mtu wa ndani ya kisima. "Nimechoka tu. Usimwambie..."

Kichwa kikalala begani.

Alichofanya Mama Funguo baada ya hapo hakukifikiri. Mikono ilifanya yenyewe. Aliichomoa sindano, akaifunika kwa kifuniko chake, akaitia mfukoni. Akamvisha soksi. Akamvisha na kiatu, akafunga kamba, kama anavyovishwa mtoto anayechelewa shule. Ndipo akapiga ukelele.

Wakaja wote, na daktari mpasuaji mbele, mzee mnene mwenye pumzi fupi.

"Nini?"

"Kaanguka tu. Hajala tangu asubuhi."

"Sukari hiyo imeshuka. Leteni dripu ya sukari, haraka!"

Kimya akatoka mbio. Mpasuaji akapiga magoti kutafuta mshipa wa mkono. Mama Funguo alikishika kichwa cha shemeji yake na kuhesabu pumzi, maana ndiyo kazi aliyoijua. Moja. Akasubiri. Akasubiri tena. Ya pili ilikuja kama mgeni asiyetaka kuingia. Midomo ilikuwa ikigeuka rangi ya majivu. Sukari haitamrudisha huyu. Alijua hivyo tangu alipofungua mlango, na mfukoni sindano ilikuwa ikimgusa paja.

Akisema, mdogo wake anabaki na mume asiye na kazi, na yeye mwenyewe anazivua funguo leo hii. Asiposema, mdogo wake ni mjane kabla chai iliyomwagika haijakauka.

Pumzi ya tatu haikuja.

"Si sukari!" Sauti ilimtoka kali mpaka mpasuaji akarudi nyuma. "Amejidunga. Dawa ya kabatini. Leteni mfuko wa hewa, na ile dawa ya kuzindua!"

Akaitoa sindano, akaiweka sakafuni mbele yao. Kimya, aliyekuwa amerudi na dripu, akaitupa na kukimbilia mfuko wa hewa na dawa.

"Kiasi gani?" mpasuaji aliuliza, tayari akibinya mfuko wa hewa juu ya mdomo wa mwenzake.

Mama Funguo akakimbilia daftari. Kidole chake kikashuka mistari ya leo. Kimemwagwa. Kimemwagwa. Kimemwagwa. Akakijumlisha kilichomwagwa, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kwenye mguu ule. Kisha akafika kwa fundi mwashi, akaganda. Fundi aliandikiwa dozi nzima, hakuna kilichobaki. Na fundi alikuwa akilia.

Pembeni ya kila mstari, kwa wino wa bluu, sahihi nzuri iliyonyooka. Yake.

Akarudi, akataja kiasi, dozi nzima ya fundi ikiwemo. Dawa ya kuzindua ikaingia. Wakangoja. Kifua kikainuka, kikashuka, kikainuka tena bila kubinywa. Bembeleza akafumbua macho, akaona nyuso zote zile juu yake, akayafumba.

"Shemeji," Mama Funguo akamwambia sikioni, machozi yakimdondokea usoni, "nimesema. Na nitamwambia mdogo wangu kwa mdomo wangu. Nawe pumua tu."

Mpasuaji akamtaka funguo. Akazivua.

"Niachie dozi moja kwanza," alisema.

Wakafungua kabati pamoja. Akavuta dawa ya fundi mwashi, kidogo kikabaki kwenye kichupa. Akakibeba mpaka kitanda cha sita, Kimya akimfuata. Fundi alimwona, akajifuta macho haraka kwa kiganja.

"Nimenyamaza, mama," alisema. "Nimenyamaza."

Mama Funguo aliketi ukingoni mwa kitanda. Akamchoma dawa, polepole, akamshika mkono mpaka uso wake ukalegea.

"Ulikuwa na haki ya kulia, baba," akasema mwishowe. "Nisamehe."

Kisha akaelekea kwenye sinki la mwisho wa ukumbi na kile kichupa. Kimya alikuwa ameshashika kalamu juu ya daftari.

"We mwaga tu, dada, nakuamini."

"Usiniamini," alisema Mama Funguo. "Njoo hapa uone."