Mgeni Ndani ya Kidole Chake

Jana, niliporudi kitandani baada ya sala ya alfajiri, niliota nimo ndani ya kidole changu cha kati.

Mimi ni mshona kofia. Mwezi wa tatu sasa vidole vimevimba, sindano siwezi kuishika. Daktari alisema askari wa mwili wangu wananipiga mimi mwenyewe. Sikumwelewa, ila nilikasirika.

Kwenye kifundo cha kidole namkuta askari mweupe, mviringo, kavaa kandambili. Anapiga ukuta kwa mwiko.

"Nani?" anauliza.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mgeni." Ndilo jina alilonipa bibi yangu.

"Basi hatujakosea. Wageni tunawapiga."

"Ni jina tu! Kidole hiki changu!"

"Sina ugomvi nawe, bibie. Nafanya kilichoandikwa. Kaseme na wenye kitabu."

Akafungua tumbo lake kama kabati, nikaingia. Mle ndani ni jikoni kwa mama mkwe. Kitabu chembamba kama uzi kimezunguka mafiga yote, na viumbe wawili wamekikalia. Kila mmoja anatakiwa awe na mkono wa kushika mstari wake, na mdomo wa kumwita mwandishi aje kuunakili. Mstari ukinakiliwa, askari anautii. Usiponakiliwa, ni wino tu.

Wa kwanza kashika mstari wa PIGA, naye anaita bila kupumua. Mwandishi, ambaye ni cherehani yenye miwani, ananakili.

Wa pili kashika ACHA. Kaushika barabara, lakini chini ya pua yake ni ngozi tupu. Mwandishi anampita, tena anamsalimia.

"Huyu mbona haiti?" nikamuuliza wa kwanza.

"Ataitaje? Kipande cha mdomo hakuja nacho. Kitabu kakikalia, lakini kukalia kitabu si kazi."

"Mpeni mdomo wangu."

"Utarudi kwenu huna sauti."

"Kwani nashona kwa sauti?"

Nikauvua, nikambandika. Ukamkaa vizuri kuliko ulivyonikaa mimi. Akaita kwa sauti yangu: "Mwandishi! Njoo, nimekungoja miaka!"

Cherehani ikageuka. Ikanakili ACHA, ACHA, ACHA, mpaka jiko likajaa karatasi. Askari akaingiza mkono tumboni mwake, akaokota moja, akaisoma, akaweka mwiko chini.

"Kumbe wewe ni wa humu humu," akasema. "Samahani, bibie."

Nilitaka kumtukana barabara, lakini kwa mdomo gani?

Nikaamka. Khatibu, mume wangu, amesimama mlangoni, kakunja mikono.

"Mgeni," akasema, "huyo mwandishi unayemngoja miaka ni nani?"

Nikataka kumweleza yote. Sauti haikutoka hata chembe. Nikajaribu vidole: vikakunjika vyote vitano, bila maumivu. Machozi ya furaha yakanitoka. Nikainua ngumi ili naye aione.

Khatibu akarudi nyuma hatua mbili.

"Haya, yaishe, mke wangu," akasema. "Sikuuliza."