Vyuma vya Mkia

"Haya, chagueni," alisema muuza vyuma, akaweka kwenye kaunta vyuma viwili vya kushikilia bati. "Hiki cha boliti, ukihama unafungua, unaondoka nacho. Hiki cha mkia, mkia unafukiwa ukutani kwa saruji. Hakitoki mpaka uvunje ukuta."

"Vya boliti," nikasema, hata bila kuvigusa.

Ndivyo alivyotumia mume wangu. Katika chumba chetu cha kupanga kila kitu alikifunga kwa boliti: rafu, kitanda, hata kipaa cha bati pale mlangoni nilipoweka cherehani yangu. "Hapa tunapita tu," alikuwa akisema huku akikaza nati. "Nikirudi, tunafungua, tunahamia kwetu." Akaenda kutafuta kazi mbali. Mwanzoni simu ilikuja kila wiki, kisha kila mwezi, kisha namba ikawa haipatikani. Mtoto aliyemwacha akitambaa, sasa alikuwa amenipita kwa urefu.

Nilibaki na mama mkwe, na Mungu anisamehe, alinichosha. Pikipiki ikisimama nje tu, anajitengeneza kitambaa kichwani. "Huyo!" Kumbe muuza maji.

"Mama, ngoja ngoja huumiza matumbo," namwambia.

"Mvumilivu hula mbivu."

"Zimeshaoza, Mama."

Anacheka, anasonya, na kesho yake yale yale.

Wiki ile upepo ulikuwa umelegeza boliti, bati likashuka nikiwa nashona, likanikosa bega kidogo tu. Ndiyo maana tulikuwa dukani, mimi na Mama.

"Boliti zitalegea tena, dada," alisema muuza vyuma. "Ukuta wenyewe umechoka kutobolewa."

"Nitakuwa nazikaza. Nipe vya boliti."

Mama mkwe alisogea kwenye kaunta. Alikichukua kile cha mkia, akakipima uzito mkononi kama anayenunua muhogo. Kisha akakisukuma mbele.

"Tupe hivi. Vinne."

"Mama! Na tukihama?"

Hakunitazama. "Tuhamie wapi, mwanangu? Na nani?"

Miaka nenda miaka rudi nilikuwa nikitamani kulisikia neno hilo kinywani mwake, nipumue. Sasa limetoka, nikatamani alimeze. Nilimtaka mume wangu pale pale kwenye kaunta, na vidole vyake vya grisi, na ule mluzi wake wa kuboa. Nikasubiri Mama aseme kwamba atakuja tu, nimjibu kwa ukali kama kawaida. Yeye akamuuliza muuza vyuma kama saruji ya kupima ipo.

Fundi alivifukia jioni ile ile, na havijatikisika mpaka leo. Mama hakumtaja tena mwanawe. Kumbe siku zote zile nilikuwa nikitumainia tumaini lake, huku nikimsimanga. Tangu hapo nimebaki kumsubiri mume wangu peke yangu.