Mzigo wa Mfalme

Mchongaji wa picha za shaba alikuwa mwoga, na mtaa mzima ulijua. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, na yeye alikusudia kucheka hadi uzeeni. Kwa hiyo jenerali aliyeuteka mji alipomwagiza achonge kwenye bamba la shaba mfalme aliyeshindwa akitoroka ikulu na gunia la dhahabu mgongoni, ili bamba lichapwe karatasini na picha zibandikwe mji mzima, hakuna aliyedhani atabisha.

Shida ni kwamba alikuwa ameona. Asubuhi ile ya vita alichungulia dirishani, akamwona mfalme akitokea mlango wa jikoni, miguu mitupu, na dhahabu hana. Mgongoni alikuwa amembeba mama yake mzazi, ajuza aliyepooza miguu.

Basi mwoga wetu akapata ushujaa, sijui aliutoa wapi. Siku tisa alijifungia karakanani akichonga alichokiona, hadi vidole vya mama vilivyong'ang'ania kola ya mwanawe. Hakuwahi kuchonga kitu kizuri vile. Siku ya kumi akamwita mkewe.

"Wakininyonga, waninyonge," alisema, kifua mbele. "Ukweli ndio huu."

Mkewe alilitazama bamba, akakaa kwenye kigoda.

"Nani mwingine ameiona?"

"Wewe tu."

"Afadhali. Ifunike, uje nayo."

Walivuka ua hadi kwa dada wa mkewe, aliyekuwa dobi wa ikulu. Chumba cha nyuma, kati ya marundo ya mashuka, aliketi ajuza yuleyule wa kwenye shaba.

"Wanadhani alikufa ikulu ilipochomwa moto," mkewe alinong'ona. "Wakiona picha yako watajua alitoka. Na aliyebeba mtu mzima mgongoni hafiki mbali, watajua kamwacha humuhumu mjini. Watapekua nyumba kwa nyumba."

Ajuza aliomba aone. Alipitisha kidole taratibu usoni pa mwanawe.

"Umetuchonga vizuri, mwanangu. Sasa nifute."

"Lakini mama, watamwita mwizi! Mpaka vitukuu wetu watamwita mwizi."

"Wamwite. Mimi nikikamatwa, atarudi mwenyewe kujisalimisha. Namjua." Akacheka kidogo, machozi yakimlengalenga. "Mtoto yule tangu azaliwe hajawahi kubeba hata ndoo ya maji. Siku moja tu amebeba kitu, na ndiyo hiyo unayokwenda kuifuta. Haya, nenda. Na gunia ulifanye kubwa."

Mchongaji alirudi karakanani, akalia kama mtoto, kisha akashika kazi. Alimkwangua mama, akaligeuza bamba na kuligonga nyuma kwa nyundo hadi shimo lililobaki likasawazika. Palipokuwa na mama akachonga gunia nono, sarafu zikimwagika njiani. Jenerali alifurahi kupita kiasi.

Picha zilibandikwa kila kona, moja kwenye ukuta wa dobi. Watu walikusanyika pale wakicheka hadi kushika mbavu, wakimwita mfalme fisi, mlafi, mwana asiye na haya. Dobi alishika ufagio atoke kuwafukuza, lakini ajuza akamzuia kwa sauti ya chini.

"Waache," alisema. "Maadamu wanamcheka, yuko salama."

Akaomba kitanda chake kisogezwe karibu na ukuta, akawasikiliza.