Benchi la Mbele la Shemasi Tuttle

Mwaka ule Wamarekani tulipomwasi mfalme wa Uingereza, Hakimu Wadhams alipofungasha vijiko vyake vya fedha na kuwakimbilia Waingereza, kijiji chote cha Canfield kilimlaani. Shemasi Barzillai Tuttle alimlaani pia, ila kwa mdomo tu. Moyoni alikuwa anachekelea. Benchi la mbele kanisani limebaki wazi, na kwetu Connecticut viti hugawiwa kwa umri na mali, sasa anayefuata ni nani kama si yeye? Tangu ujana wake alikaa nyuma ya Hakimu kila Jumapili, akitazama kisogo kile kinene mpaka akakijua kuliko uso wa mkewe.

Lakini mkutano wa kijiji ulipoketi kugawa viti, Mwalimu Eliphalet Munger alisimama. Huyu alikuwa kijana mpya kutoka chuoni, kichwa kimejaa vitabu vya Wafaransa.

"Ndugu zangu, juzi tumetangazia dunia kwamba watu wote wameumbwa sawa," alisema. "Sasa naomba kuuliza, makalio je? Yenyewe yameumbwa kwa madaraja?"

"Wee mwalimu, tuachie makalio yetu," Tuttle alifoka. "Hata Sulemani alikuwa na kiti chake, na hakuna aliyemgombania."

"Sulemani alikuwa mfalme, Shemasi. Kwani wewe unataka mfalme?"

Ukumbi mzima ukamgeukia Tuttle.

"Nani kataja mfalme? Mimi nimetaja kiti."

Mchungaji Pomfret, aliyependa amani karibu sawa na alivyopenda nyama ya nguruwe, aliingilia kati. Akili inasema sote ni sawa, alieleza, na Bwana Yesu alisema ukialikwa karamuni ukae kiti cha nyuma. Kwa hiyo hakuna ugomvi, kila mtu akae apendapo. Mikono yote ikapanda juu. Wa Tuttle ulipanda mwisho, taratibu, kana kwamba umefungiwa tofali.

Jumapili iliyofuata theluji ilianguka, na watu wote walikimbilia viti vya nyuma. Nani akae mbele aitwe mfalme, au Farisayo? Walibanana huko mpaka mhunzi akaikalia kofia ya mjane, na mjane akamkalia mhunzi. Mchungaji alihubiria mbao tupu. Tuttle alikuwa amebanwa ukutani, pua kwenye kwapa la mwalimu, macho hayabanduki kwenye benchi lile. Lilikuwa wazi na lake kabisa, na hakuthubutu kulisogelea. Aliumia, jamani.

Ndipo mkewe, Thankful, ambaye masikio yake yalikufa zamani, alipoinuka. Alibeba kijisanduku chao cha makaa ya kupashia miguu, akaenda kujiketisha mbele kabisa.

"Mume wangu, njoo huku," aliita kwa sauti ya kuitia ng'ombe. "Leo na mimi nataka nisikie."

Sasa mtu akimsindikiza mkewe asiyesikia, ufalme uko wapi hapo? Tuttle alichomoka kwapani kwa mwalimu, nusura ajikwae. Akaketi. Miguu kwenye joto la makaa, hakuna kisogo mbele yake, alitamani kulia kwa furaha.

Thankful alitega sikio kwa kiganja. Alisikiliza neema, akasikiliza uhuru, akasikiliza neema tena. Kisha akamgeukia mumewe.

"Ndiyo haya anayosema miaka yote?" aliuliza, na kanisa zima likamsikia. "Na mimi nilivyokuwa najilaumu kwa kuyakosa."

Akachukua kijisanduku chake, akarudi nyuma, watu wakampisha huku wamejiziba midomo. Mchungaji alipoteza ukurasa.

Tuttle alikuwa huru kumfuata, na huru kubaki. Hilo tulilipigia kura. Alibaki. Mchungaji kwa uchungu wake akarefusha mahubiri mara mbili, na vidole vya miguu ya Shemasi viliganda kimoja baada ya kingine. Mgongo aliunyoosha hivyo hivyo. Katikati ya sala ndefu alihisi kitu shingoni, akapapasa, akaelewa. Nyuma yake kijiji kizima, tajiri kwa maskini, kilikuwa kinatazama kisogo chake.