Pancha ya Majaribio

Tangu simu ya shangazi iingie, mshonaji alikuwa hatulii. Alishona mkono wa shati ndani nje, akaufumua, akaushona tena vilevile. Akainuka kuchungulia mlangoni ingawa hakuna aliyekuwa anamngoja. Akarudi mashineni, akakanyaga pedali bila kuweka kitambaa, sindano ikawa inadunga hewa. Mbele yake sare za kwaya zililala rundo, nyingine zina kola, nyingine hazina.

Shangazi alikuwa anaumwa. Mwenyewe hakusema anaumwa sana, na hilo ndilo lililomtia mshonaji wasiwasi, maana shangazi alikuwa mtu wa kulalamikia hata mafua kwa sauti ya kuamsha mtaa. Safari hii alizungumza taratibu, kama anayeogopa kumwaga kitu. "Mwambie kaka yangu aje nimwone," alisema, kisha simu ikakatika.

Kaka mtu ndiye baba wa mshonaji. Alikuwa fundi wa simu wa enzi za nyaya na nguzo. Ujana wake wote aliumalizia juu, amejifunga mkanda kiunoni, koleo mkononi. Alipostaafu alijinunulia pikipiki, na tangu hapo akawa haambiliki. Kwa shangazi ni ng'ambo ya vilima, barabara ya changarawe ambako mabasi hayafiki. Mzee aliposikia habari zile hakuuliza mengi.

"Kesho kutwa naondoka," alisema.

"Peke yako, baba?"

"Kwani pikipiki inaendeshwa na kamati?"

Baba hakatazwi safari, tena ya kumwona dada yake mgonjwa. Lakini roho ya mshonaji haikutaka kukaa mahali pake. Aliiona pikipiki imesimama pembeni mwa njia, tairi limebonyea, mzee amekaa juu ya jiwe na hakuna anayepita. Picha hiyo ilimganda, akiwa anakata kitambaa, akiwa anakoroga chai. Mwishowe aling'ang'ania jambo moja aliloweza kulisema bila kukosa adabu.

"Basi usiondoke bila vifaa vya kuzibia pancha. Twende dukani tuchague."

Mzee alikubali. Haja hakuiona; alitaka tu binti yake aache kumzunguka kama nzi.

Duka la spea lilikuwa la mwanamama mmoja mnene, mpole wa sauti, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Spea. Minyororo na nyaya za breki zilining'inia ukutani nyuma yake, na harufu ya mpira mpya ilikupokea tangu kizingitini. Salamu hazijaisha, mshonaji tayari alikuwa anapekua vijaluba na vifurushi juu ya kaunta, anachukua hiki, anarudisha, anachukua kile.

"Taratibu, dada," Mama Spea alimwambia. "Kwanza niambie, tairi lenu lina tyubu au halina?"

Mshonaji alimgeukia baba yake.

"Lina tyubu," mzee alisema. "Rimu ya spoku. Ya kizamani kama mwenyewe."

"Basi hizi tuziweke pembeni." Mama Spea alisogeza pakiti za nyuzi nene za mpira zenye gundi. "Hizi unazisokomeza kwenye tundu bila hata kutoa gurudumu. Zinashika vizuri, ila ni za tairi lisilo na tyubu. Kwenu itakuwa sawa na kumnunulia samaki viatu."

Vikabaki vya aina mbili. Kulikuwa na mfuko wa turubai wenye viraka, gundi, msasa, pampu ya mkono na vyuma vya kufungulia tairi. Kwa huo, Mama Spea alieleza, lazima ulibandue tairi kwenye rimu, uvute tyubu nje, utafute tundu, ukwaruze, upake, ubandike, kisha urudishe kila kitu. Na kulikuwa na kopo la povu, unalolichomeka kwenye valvu na kulibonyeza. Povu linaingia, linaziba tundu kwa ndani na kulipa tairi upepo kidogo.

"Kopo halina kazi ngumu," alisema. "Lakini sitakudanganya mzee wangu. Tundu likiwa kubwa, povu lote linamwagika chini, na huna la kufanya tena."

Mshonaji alingoja baba yake acheke. Huyu ndiye mzee aliyewahi kukataa kabati la dukani kwa sababu hakuliona likigongwa misumari. Lakini mzee alilinyanyua kopo, akaligeuza, akasema, "Hili linanitosha. Nipe mawili."

"Makopo, baba?"

"Dunia imeendelea, mama." Alimwita hivyo kwa kuwa binti alirithi jina la bibi yake, mama wa mzee.

Kulikuwa na kitu hakijakaa sawa. Mshonaji alimtazama kuanzia juu hadi chini, kama anavyomtazama mteja kabla ya kumpima. Kopo lilikuwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni mwa koti, na haukutoka humo tangu waingie. Akakumbuka mashati ambayo mzee alimletea amtolee vifungo na kumtilia zipu. Alimtania siku ile kwamba anakimbizana na vijana. Akakumbuka kikombe cha chai, jinsi siku hizi alivyokishika kwa viganja vyote viwili. Mbele ya mtu baki hakuweza kuuliza.

"Tunachukua mfuko wenye vyuma," alisema. "Na kopo moja, la akiba."

"Nani atafungua tairi? Wewe?"

"Wewe, baba. Kesho, hapo uani. Tufanye majaribio. Ukilifungua nikaona kwa macho yangu, sitasema tena."

Mzee alimkazia macho. Mama Spea aliinamia kaunta yake iliyokuwa safi, akaipangusa.

Asubuhi waliitegemeza pikipiki juu ya gogo, wakatoa gurudumu la mbele. Nati ilipogoma, mzee aliukanyaga mpini wa spana kwa mguu, kwa namna ya mtu aliyezoea kufanya hivyo. Akatoa upepo, akalizunguka tairi akilikanyaga mpaka likaachia ukingo wa rimu. Mpaka hapo alikuwa bado bwana wa kazi, anapiga mluzi. Kisha akashika vile vyuma.

Vilikuwa vifupi, vyembamba, kama vijiko vya chai. Alichomeka kimoja chini ya mdomo wa tairi, akakandamiza. Kikamchomoka vidoleni, kikalia juu ya saruji. Akakiokota, akajaribu upande mwingine. Kikachomoka tena. Mluzi ulikuwa umekwisha. Mshonaji alikaa kwenye kigoda, akasimama, akakaa. Alitamani amnyang'anye, na wakati huohuo alitamani akimbilie ndani asione. Aliokota uzi uliong'ang'ania gauni lake, akautafuna mpaka ukawa hauna rangi.

Mwishowe mzee alikilaza chuma chini, polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Vidole hivi vinakufa ganzi," alisema bila kumtazama. "Tangu mvua zilizopita. Nikishika kitu kwa nguvu, baada ya muda sivisikii tena."

"Na breki unaishikaje, baba?"

Mzee alivitazama vidole vyake. "Naikumbuka tu mahali ilipo."

Mshonaji aliwaza zile safari zote, za sokoni, za msibani, mzee akipita mbele ya duka lake la ushonaji akipiga honi, naye akimpungia kitambaa mkononi, hana habari.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeficha ufunguo."

"Ningeuficha kweli."

"Umeona?"

Hakujua acheke au alie, kwa hiyo alifanya kile ambacho mikono yake ilikuwa inakidai tangu asubuhi. Aliketi chini, akavuta gurudumu mapajani, akaokota chuma. "Nielekeze," alisema.

Mzee alimwelekeza. Usichimbe, inua. Shikilia hicho kwa goti, chomeka cha pili karibu, usiwe na tamaa ya kuruka mbali. Tairi likaanza kutoka, kidogo, kisha kwa mkupuo. Waliitoa tyubu, wakaikagua, wakairudisha; na katika kuirudisha, mshonaji akakandamiza kwa pupa, chuma kikaibana tyubu, ikatoa pumzi ndefu ya kuchoka.

"Sasa una pancha ya kweli," mzee alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Kutafuta tundu kulikuwa rahisi, na msasa ulikuwa mwepesi kwa mtu aliyeshinda maisha yake na vitambaa. Tabu ilikuwa gundi. Lazima uiache ikauke mpaka isinate, ndipo ubandike. Mshonaji aliigusa, akaigusa tena, akapuliza.

"Acha kuihangaisha," mzee alimwambia. "Gundi haina haraka zako."

Kiraka kilishika. Pampu ya mkono ndiyo iliyowashinda wote wawili: mzee hakuweza kuibana, naye mshonaji alisukuma mpaka jasho likamtiririka machoni, na tairi likawa bado laini kama mto wa kulalia.

Mchana walirudi dukani. Mama Spea aliwapokea kama watu aliokuwa akiwatarajia. Walibadilisha vyuma, wakachukua virefu zaidi, vyenye ncha pana ya mviringo isiyoiuma tyubu. Pampu ya mkono waliirudisha, wakachukua ya kukanyaga. Mama Spea akashauri na tyubu moja ya akiba, maana ikichanika, kiraka hakisaidii. Kopo la povu mzee alilitoa mwenyewe mfukoni, akaliweka kwenye kaunta.

"Hili lirudishe tu, mama."

"Kwa hiyo majaribio yalikwenda vizuri?"

"Fundi tumempata," mzee alisema. "Mbishi kidogo, lakini atafaa."

Hivyo ndivyo mshonaji alivyojua kwamba amekubaliwa kwenda. Alimpigia simu mwalimu wa kwaya, akamwambia sare zitachelewa. Mwalimu alinung'unika kwamba wataimba shingo wazi kama watoro. Mshonaji akamwambia shingo wazi hutoa sauti nzuri, akakata simu kabla yeye mwenyewe hajabadili nia.

Siku ya safari, mzee alisimama kando ya pikipiki na ufunguo mkononi. Mshonaji alikuwa ameiendesha mara nyingi kupeleka mizigo, lakini ni hapo mtaani tu, na hata siku moja hakumbeba baba yake. Mzee alimnyooshea ufunguo. Alipoushika, mzee hakuuachia palepale.

"Klachi yake ina tabia," alisema. "Usiiachie ghafla." Kisha akaenda kupanda nyuma.

Njia nzima alikuwa dereva wa mdomo. Punguza. Shika kushoto. Hapo kuna shimo. Shimo lenyewe hilo umeliingia. Mshonaji hakumsikiliza vizuri, kwa sababu sikio lake lilikuwa kwenye magurudumu. Kila changarawe ilipogonga, alisimama, akashuka, akaliminya tairi la nyuma kwa kidole gumba, kisha la mbele. Yote mawili magumu. Wakaenda kidogo, akasimama tena.

"Ukizidi kulitomasa," mzee alisema, "litapata pancha kwa aibu."

Halikupata. Mfuko wa turubai ulifika kwa shangazi ukiwa haujafunguliwa.

Shangazi alikuwa kitandani karibu na dirisha, amekonda, kitambaa cha kichwa kimelegea. Mshonaji alimwamkia, "Shikamoo shangazi," akaitikia "Marahaba" ndogo, huku macho yake yako kwa kaka yake.

"Siku hizi unabebwa?" alimuuliza.

Mzee aliketi ukingoni mwa kitanda. Mshonaji alisingizia mizigo, akatoka. Nje alizunguka pikipiki, akaminya tairi, akachuchumaa, na kupitia dirishani akayasikia yote.

"Mikono hii," baba yake alikuwa anasema. "Inaondoka polepole. Juu ya nguzo haikuniangusha hata mara moja, sasa kifungo cha shati kinaishinda. Daktari sijamwona. Nimeogopa atakachoniambia."

Kitanda kililia, shangazi akijigeuza.

"Mimi nimeandikiwa niende hospitali kubwa," alisema. "Nikawaambia namngoja kaka yangu. Nilikuwa sitaki kwenda peke yangu, ndiyo maana nikakuita."

"Basi twende wote."

"Nani atatupeleka?"

"Yupo. Huyo anayehangaika na matairi huko nje."

Mshonaji aliitazama pikipiki, kiti chake cha watu wawili, na mfuko wa turubai uliofungwa nyuma kwa kamba. Akainuka, akafuta vumbi mikononi kwa gauni, akavuka njia kwenda kubisha hodi kwa jirani, aulize ni nani hapa karibu mwenye gari.