Nyanya Zilizosimama Taa Zilipozimwa

Maneno yale Gunnevi aliyasikia dukani, kwenye foleni ya kulipia, na tangu hapo hayakumtoka. Yalimfuata akifua, yalimfuata akikanda unga wa mikate ya mdalasini, hata kanisani yalimkalia sikioni. Aliyeyaleta ni Maj-Lis, mwanakijiji mwenzake, na Maj-Lis akibeba neno, likifika huwa limeshatiwa chumvi njiani.

"Mwenzangu, huna habari? Kuna mzee kule kijiji cha Pörtom, nyanya zake zilikuwa zimeshakata tamaa. Akazimwagia ule unga wa bakteria. Kuja kuangalia, zote wima! Kama askari wa gwaride!"

"Zilizokuwa zimenyauka kabisa?"

"Zimekwisha, nakwambia! Mimi sikuona, lakini aliyeniambia aliambiwa na mtu aliyeona."

Watu kwenye foleni walicheka, na Gunnevi akacheka nao, lakini neno lilikuwa limeshanasa.

Kwake yeye nyanya hazikuwa za kuchekea. Nyumba ya vioo ya kupandia nyanya aliyoiacha marehemu mumewe, Bengt, sasa ilikuwa mikononi mwa mwanawe Jesper. Mwaka uliopita ugonjwa wa kuoza mizizi ulipita humo ukafagia karibu nusu ya mimea. Jesper hakupiga kelele. Alisema mara moja tu, akiwa ameinamia sahani ya supu ya samaki: "Zikifa tena, mama, nafunga mlango. Naenda kwa Linda."

Linda ni dada yake. Alivuka bahari kutoka Ufini kwenda Umeå, Uswidi, kwa kazi ya kiangazi kimoja, akakaa moja kwa moja. Watoto wake wanamwita Gunnevi "bibi wa kwenye simu". Mama aliyekwisha kuitwa hivyo na wajukuu upande mmoja hataki kuitwa hivyo upande wa pili.

Ndiyo maana mwaka huu walimsikiliza Camilla, mshauri wa wakulima. Camilla aliwaletea unga wenye bakteria wanaotoka kwenye udongo wa kinamasi, ule ule wa mimea iliyooza ambao watu wa kwao, Närpes, wanaupandia nyanya tangu zamani. Unakorogwa kwenye maji, miche inamwagiliwa kwenye mizizi. Camilla alieleza mengi siku ile. Gunnevi alikuwa anamimina kahawa, akasikia nusu.

Walipopanda mwezi wa Januari walimwagilia mara ya kwanza. Pakiti ya pili ilikaa kwenye friji, karibu na siagi, ikingoja zamu yake: upande wote wa mashariki, ambako nyanya zilikuwa nzima na maua yameanza kuchanua.

Upande wa magharibi, mstari wa karibu na mlango ulikuwa umeanza kulegea.

Jesper aliuona. Aliuziba mfereji wake ili maji yasirudi kwenye tangi, akaenda mjini Vasa kutafuta kipuri cha pampu. "Usiguse chochote, mama," alisema akifunga koti. "Nikirudi tunamwagilia mashariki."

"Nani kasema nitagusa?"

"Nakujua."

Gari likaondoka kwenye theluji. Gunnevi alikaa jikoni, lakini kikao hakikukalika. Akaenda kuchungulia kidogo tu.

Ndani taa zilikuwa zinawaka zote, kali kama jua la mwezi wa saba, huku nje dunia nyeupe. Mstari ule wa mlangoni ulikuwa unatia huruma. Mimea ilishikiliwa na kamba, kwa hiyo haikuanguka, lakini vichwa vilining'inia na majani yamekunjamana kama nguo iliyosahauliwa ndani ya beseni. Aligusa jani moja. Lilikuwa laini na moto.

Akilini akamwona Jesper akibeba masanduku kwenda kwa Linda. Akaona dirisha la chumba chake bila taa. Halafu Maj-Lis akaanza tena sikioni: zote wima, kama askari.

Akaenda kwenye friji.

Alikoroga pakiti nzima kwenye ndoo. Alimwagilia mche mmoja mmoja kwa kopo, akizisemesha nyanya kama watoto wenye homa: "Kunywa, mwanangu. Haya, na wewe. Kunywa." Kila kopo lilipokwisha maji, alilikung'utia palepale kwenye udongo wa mgonjwa ili tone lisipotee, kisha akalirudisha ndooni. Mstari ulipokwisha, ndoo ilikuwa imebakiwa na maji kidogo. Kuyamwaga aliona ni dhambi. Akavuka njia na buti zake zenye matope, akaipa mistari miwili inayofuata, ya magharibi hiyo hiyo, iliyokuwa mizima kabisa.

Jioni ile saa ya taa kupumzika ilifika, zikazimika zenyewe. Joto likashuka. Gunnevi alirudi na tochi mkononi.

Zilikuwa zimesimama.

Vichwa juu, majani yamejinyoosha. Alimulika mche wa kwanza, wa pili, akaenda hadi mwisho wa mstari. Zote wima. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akalia. Kisha akampigia simu Maj-Lis.

"Nilikwambia au sikukwambia?" Maj-Lis alipiga kelele hadi simu ikakwaruza. "Sasa nani muongo hapa kijijini?"

Jesper aliporudi alimkuta mama yake mlangoni, hata koti hajavaa.

"Njoo uone! Njoo, njoo!"

"Mama, mbona viatu—"

"Achana na viatu! Tazama!"

Jesper alitazama. Aliinama akagusa udongo, akaukuta umelowa. Akaangalia ndoo.

"Pakiti iko wapi?"

"Zilikuwa zinakufa, Jesper. Sasa tazama zilivyo."

"Mama. Pakiti iko wapi?"

"Nimewapa hawa. Wao ndio wagonjwa, sasa nimpe nani dawa, mzima?"

Jesper alikwenda ukutani, akawasha taa. Mwanga ukamwagika juu yao wote wawili. Akasimama, mikono mifukoni.

"Tungoje," alisema.

"Tungoje nini?"

"Tungoje tu."

Walingoja. Joto lilianza kupanda. Maji yalidondoka mahali fulani, tone baada ya tone, na taa zilivuma. Gunnevi aliukazia macho mche wa kwanza kama anayemshika mtu mkono asiteleze. Jani la juu kabisa lilitikisika. Akajiambia ni upepo, lakini mle ndani hamna upepo. Jani likashuka kidogo. Likashuka tena. Kisha kichwa chote kikainama, polepole, kama mtu anayesinzia kwenye mahubiri. Ukafuata wa pili. Ukafuata wa tatu.

"Hapana," Gunnevi alisema. "Hapana, jamani. Si zilikuwa wima?"

"Taa zikizimwa huwa zinasimama kila siku, mama. Kukiwa na baridi hazina haja ya maji mengi, mizizi kidogo iliyobaki inatosha. Taa zikiwaka, mizizi iliyooza haiwezi kuvuta." Alitoa kisu, akakata shina moja chini kabisa, akalipasua. Ndani kulikuwa na rangi ya kahawia, kama chai iliyokolea. "Zilikuwa zimekufa kabla hujafungua friji."

"Na yule mzee wa Pörtom?"

"Labda alikwenda kuangalia taa zimezimwa."

Jesper alimpigia Camilla simu, akaiweka wazi ili wote wasikie, akamweleza yaliyotokea.

"Kwanza niambieni," Camilla alisema, "ndoo iliyotoka kwa wagonjwa ilikwenda wapi pengine?"

Jesper akamgeukia mama yake. Gunnevi angeweza kusema haikwenda popote. Mistari ile miwili ilikuwa imesimama mizuri, kijani kibichi, na maua yake ya manjano. Nani angejua?

"Mistari miwili inayofuata," alisema. "Na kopo nililigusisha udongo wa wagonjwa. Na buti ni hizi."

Jesper alifumba macho.

"Ahsante kwa kusema, Gunnevi," Camilla alijibu, na sauti yake haikuwa na utani. "Sikilizeni. Hao bakteria ni walinzi. Wakiwahi kwenye mzizi mzima, wanakaa kila nafasi, ugonjwa unakosa pa kushika. Wakikuta ugonjwa umeshaingia, hawana la kufanya. Hawafufui. Ng'oeni mstari mgonjwa, na hiyo miwili pia. Leo hii, kabla maji hayajatembea. Kesho asubuhi nakuja na pakiti nyingine kwa ajili ya mashariki. Kama mashariki hakujaguswa, kuna tumaini."

"Na hiyo miwili ni mizima!" Gunnevi alisema.

"Inaonekana mizima."

Simu ikakatika. Jesper alichukua mifuko mikubwa ya plastiki, akampa mama yake mmoja.

"Anza wewe, mama."

"Mimi?"

"Mimi nikianza nitaacha katikati, nipande gari niende kwa Linda."

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Gunnevi alishika mche wa kwanza wa mistari ile mizuri. Ulikuwa umenona, mgumu, na harufu yake ya nyanya mbichi ikamjaa mikononi. Akakata kamba. Akavuta. Mizizi ilitoka myeupe, misafi, lakini akautia mche mfukoni akashika wa pili. Kwenye mche wa nne au wa tano mizizi ilitoka na ncha za kahawia: ugonjwa ulikuwa umeitangulia hata ndoo yake.

Akamwinulia Jesper mche ule. Jesper akatazama, akavuta pumzi ndefu, akaingia mstari wa pili na kuanza kung'oa naye.

Asubuhi Camilla alikuja. Jesper alikoroga unga mwenyewe, amevaa barakoa, kwenye ndoo mpya. Gunnevi alisimama nje kwenye theluji akitazama kupitia kioo, kwa sababu alikuwa amekatazwa kuingia, na aliona ni haki.

Wiki zile zilikuwa ndefu. Kila taa zilipowaka alikwenda kwenye kioo, akatazama vichwa vya mashariki, akangoja kimoja kiiname. Hakikuinama. Sikukuu ya katikati ya kiangazi ilipofika, upande wa magharibi ulikuwa na pengo kama kinywa kilichong'olewa meno, na mashariki matunda mekundu yalikuwa yamevuta kamba hadi zikakaza.

Jesper hakusema kwamba anabaki. Aliuliza tu, akipaka siagi mkate: "Mwakani tupande aina gani, mama?"

Gunnevi alimimina kahawa ikafurika hadi kwenye kisahani.

Ninyi mnaosoma na mlio na watoto kwenye nyumba za vioo, mambo ya kuepuka ni haya:

Usimpe mche mgonjwa unga wa kumlinda mzima.

Usingoje mizizi ioze ndipo utafute bakteria.

Usiamini mche unaosimama taa zikiwa zimezimwa. Uangalie zikiwaka.

Usitoke kwa wagonjwa na ndoo, kopo, kisu wala buti zile zile kwenda kwa wazima.

Usiuonee huruma mche uliokwisha kuguswa.

Usikoroge unga bila kufunika pua na mdomo.

Usimimine kahawa mshauri anapoongea.

Usichukue neno la foleni ukaenda nalo kwenye friji.