Pengo la Sauti ya Pili

Kwa miaka kumi na tisa alipiga pasi mashuka ya hoteli, na wenzake wa chumba cha kufulia hawakujua kwamba zamani aliitwa Chiriku. Walimjua kama mama mmoja mkimya, mjane asiye na mtoto, anayekula chakula chake cha mchana amegeukia dirishani. Ujanani aliimba na mdogo wake wa kike, yeye sauti ya kwanza, mdogo wake sauti ya pili. Kanda zao zilipigwa redioni na kwenye masaluni, na mashabiki walibishana nani ni nani, maana sauti zao zilifanana kama shilingi kwa ya pili.

Kisa kilichowatenganisha hakikuwa kirefu. Mwenye studio alimshawishi Chiriku arekodi wimbo mmoja peke yake. Akarekodi, akamficha mdogo wake, naye akaja kuusikia akiwa saluni, kichwa kimejaa povu. Hakugomba. Alirudi nyumbani na nywele mbichi, akafungasha nguo, akahama. Wimbo wenyewe haukufika popote. Chiriku aliomba radhi kwa simu, kwa barua, kwa kumtuma mama yao mkubwa, mpaka akachoka. Mashabiki wakapata waimbaji wengine, naye akatafuta kazi isiyohitaji sauti.

Aliyemfukua ni dada mmoja mtengenezaji wa muziki wa disko ambaye kila mtu alimwita Mitambo. Mama yake Mitambo alikuwa hafagii nyumba bila kanda za akina Chiriku, kwa hiyo sauti hizo alizinyonya na maziwa. Alimtafuta miezi mitatu, akampata kwenye mlango wa nyuma wa hoteli saa ya kutoka kazini. Alimweleza kwamba midundo anayo, anachokosa ni sauti ile. Chiriku akamjibu kwamba sauti ile sasa ina miaka hamsini na mitatu na kikohozi juu yake. Mitambo akasema kikohozi atakikata.

Studio ilikuwa chumba kidogo nyuma ya duka la vioo, kuta zimefunikwa magodoro. Chiriku alisimama mbele ya maikrofoni, mikono hajui aiweke wapi, akaimba. Aliporudia mara ya tatu, Mitambo akasimamisha mashine.

"Mama, mbona kila ukimaliza mstari unanyamaza? Maneno yanakupotea?"

Chiriku hakuwa na habari kwamba ananyamaza. Akaomba asikilizishwe. Kweli, aliimba mstari, kikafuata kimya cha pumzi mbili, ndipo ukaja mstari mwingine. Miaka yote ile kichwa chake kilikuwa bado kinamsubiri mwenzake amalize.

"Hapo anaingia mtu mwingine," alisema.

"Yuko wapi?"

"Hayupo."

Wanasema asiyekuwapo na lake halipo, lakini la mdogo wake lilikuwapo, wazi kama pengo la jino. Mitambo akasema paachwe vivyo hivyo. Akaweka ngoma tupu mahali pale.

Ulipotoka, wimbo ule ulishika kumbi za disko kama moto wa nyasi. Vijana waliligundua pengo wakalijaza wenyewe, mara kwa makofi, mara kwa kuitikia maneno yao ya utani. Wa pili ukafuata, nao ukapendwa vilevile. Kule kazini meneja alikuja kupiga naye picha kati ya mashine za kufulia, na wenzake wakaanza kumwita jina lake la zamani, kwa heshima iliyomfanya ajisikie mgeni.

Jumamosi moja akapanda jukwaani. Alivaa gauni la kumetameta la kuazima, na ndani ya viatu alikuwa amefunga vidole kwa plasta. Pengo la kwanza lilipofika, ukumbi mzima uliitikia, sakafu ikatetemeka. Chiriku alijikuta amesogea kulia hatua moja, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye maikrofoni. Hakuna aliyeona. Aliimba mpaka mwisho, akashangiliwa, akainama, akarudi chumba cha kuvalia. Mlikuwa na kioo, viti vitatu na chupa ya maji. Mitambo alikuwa bado kwenye mashine zake. Chiriku akatoa simu, akapitia majina yote kutoka juu mpaka chini akitafuta wa kumweleza mambo yalivyokwenda. Akafika mwisho, akairudisha mkobani.

Kesho yake alipiga moyo konde, akaenda kwa mdogo wake. Anwani aliipata kwa binamu yao. Mdogo wake alikuwa mshonaji wa mapazia. Alifungua mlango na pini zimejipanga mdomoni, akamtazama, akazitoa moja moja.

"Karibu, dada," alisema, kama anayempokea mteja.

Alimletea maji. Wakaulizana habari za ndugu, nani anaumwa, nani katangulia mbele za haki. Habari zikaisha. Mdogo wake akarudi kwenye cherehani, lakini hakuikanyaga.

"Nimeusikia wimbo wako. Jirani hapa anaupiga tangu kunapokucha. Umeniachia nafasi yangu."

"Sikukusudia. Ilibaki tu."

"Usiniachie tena. Kila ukinyamaza pale mdomo wangu unafunguka wenyewe, nami niko na pini. Juzi nusura nimeze." Alilainisha kitambaa kwa kiganja. "Mimi siimbi tena, dada. Pajaze mwenyewe."

Chiriku akamwuliza swali lililomleta, kama amesamehewa.

"Nilikusamehe siku nyingi," mdogo wake alisema. "Nilizoea tu kukaa mbali."

Maneno hayo yalimwuma kuliko matusi. Angetukanwa, angejua pa kuanzia. Alikunywa maji yake mpaka tone la mwisho ili apate kukaa kidogo zaidi.

Kwenye wimbo wa tatu aliimba sauti zote mbili, ya kwanza asubuhi, ya pili baada ya chakula. Mitambo alizipanga pamoja, akakiri kwamba ni kazi nzuri kuliko zote walizofanya. Kumbi za disko hazikuona hivyo. Vijana walitaka mahali pao pa kupiga kelele, na baada ya wiki chache wakahamia nyimbo nyingine. Mitambo alisikitika. Chiriku hakusikitika sana. Aliiacha kazi ya pasi, akawa anarekodi kila anapoitwa.

Siku hizi humtembelea mdogo wake kila mwisho wa mwezi. Huzungumza habari za magoti, za paa linalovuja, za bei ya nyuzi. Muziki hawautaji. Mazungumzo yakikauka, kila mmoja hutazama upande wake, na hakuna anayejua namna ya kuyaamsha. Kisha mdogo wake humsindikiza hadi getini, humwambia asalimie huko aendako, na kabla Chiriku hajafika kwenye kona, komeo limekwisha kusikika likifungwa.